Pacha wa Mlimani na Pacha wa Bondeni

Enzi ambazo mbuzi walioneana wivu kama watu, mbuzi mmoja alizaa mapacha mlimani. Walipoachishwa ziwa, mmoja alipelekwa bondeni kwa shangazi. Alirudi kusalimia ndevu zikianza kuota, akiwa amempita pacha wake kichwa kizima.

Yule mfupi akasusa majani. “Mama, huyu ulimpa nini ukaninyima mimi?”

“Mlinyonya ziwa moja, mwanangu.”

Hakusadiki. Kwa kijicho akamwambia nduguye, “Kama wewe ni dume, tupande kileleni!”

Nusu ya njia mrefu akaanguka, ulimi nje, huku mfupi akipanda anaimba. Mama alipomfikia, mrefu akalia, “Mama, huyu ulimpa nini ukaninyima mimi?”

“Aliyenyimwa ni yeye,” mama akajibu. “Mlima ulimnyima hewa, akaota kifua kipana.”