Mwanzi wa Mansuri

“Uuze uone. Uuze tu, halafu mimi na wewe tutajuana.”

“Mama, mwanzi umepasuka! Unautengeneza wa nini? Humu ndani nani anavua? Wewe?”

“Hata mimi navua. Nani kakwambia sivui?”

“Unavua samaki gani? Dagaa wa gulioni?”

Mwanvita hakucheka. Alikuwa kakaa kwenye kigoda nje ya mlango, mwanzi wa kuvulia kaulaza mapajani kama mtoto mwenye homa. Mbuzi wa jirani kaukanyaga jana. Umepasuka kwenye pingili ya katikati, ufa wa kuingia kucha. Pembeni kaweka uzi wa nailoni na gundi aliyoagiza mjini.

Stambuli, mwanawe, alisimama mbele yake mikono kiunoni. Kapata kazi kwenye mashamba ya miwa, wiki hii anatakiwa. Ila ataondokaje, mama mwenyewe ndio huyu?

Baba yake, Mansuri, alichukuliwa na mto Ruvu masika ya mwaka juzi. Alishuka na mwanzi wake asubuhi, hakupanda tena. Watu wa Kinole walimtafuta mpaka wakachoka. Walichokuta ukingoni ni huu mwanzi, umeegemezwa kwenye jiwe, na kandambili zake zimepangwa sawasawa, moja ubavuni mwa nyingine. Mwili hakuna. Na siku ile ile viatu vyake vya Idi vikapotea ndani. Mashangazi wakasema hao ni wezi wa msibani, hawakosekani.

Mwanvita hakukaa eda.

Hilo ndilo lililomchoma Stambuli. Mashangazi walikuja kumfungisha, wakamkuta anapanga ndizi na mdalasini kwenye tenga, anaenda zake gulioni. Arobaini ikasomwa kwa shangazi, yeye hakutia mguu. Watu wakasema huyu mwanamke ana roho ya jiwe. Walipoanza kumuona kila Ijumaa anaupaka mwanzi mafuta ya nazi, wakabadilisha: kachanganyikiwa.

“Mama,” Stambuli akashusha sauti, “ukubali tu. Baba kafa. Nikiondoka nikakuacha unaongea na mwanzi, watu watanionaje?”

“Nimeongea nao lini?”

“Jana ulikuwa unautukana. Nimekusikia.”

“Kutukana siyo kuongea.”

“Sawa. Mimi nimeshatangaza gulioni. Akija mtu, mwanzi unaondoka.”

Na mtu akaja kweli, chai haijapoa. Kijana mgeni, pikipiki yake imejaa tope mpaka kwenye taa. Alijitaja kwa jina la Bonifasi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Unatokea wapi?”

“Kisaki. Hapa nilipo mgongo siusikii. Nimefuata mwanzi wa kuvulia, nimeambiwa upo nyumba hii.”

Stambuli akamtupia mama yake jicho: umeona? Akaunyanyua mwanzi kutoka mapajani mwake, akampa mgeni.

Bonifasi akaugeuza, akaona ufa. Uso ukamshuka. “Kumbe umevunjika? Mzee kaniambia mzima.”

“Mzee gani? Mimi gulioni nimesema umepasuka, sikuficha.” Stambuli alishawajua wanunuzi. Lazima waponde mali kwanza.

“Kuna mzee kule navua naye, ndiye kanituma. Anasema mianzi ya Kisaki haimkai mkononi.”

Bonifasi akaanza kuufungua ukanda wa mpira uliozungushiwa pale pa kushikia. Chini yake palikuwa na alama ya moto, duara mbili zimegusana. Stambuli kazaliwa kaukuta ule mwanzi, na alama ile hajawahi kuiona.

“Ndio wenyewe,” Bonifasi akachangamka. “Basi nauchukua hivi hivi na ufa wake. Taja bei, kaka.”

Kabla Stambuli hajafungua mdomo, mama yake alishasimama. Akauchukua mwanzi wake mkononi mwa mgeni. Akaanza kuuzungusha ule ukanda wa mpira, taratibu, anaukaza kila mzunguko.

“Mama, usianze. Mwachie aende nao. Tuumalize huu msiba.”

“Msiba gani?”

Stambuli akawaza ile kazi ya miwa, akaiona inamponyoka hivi hivi anaiangalia. Mama ndio kaharibika kabisa, tena mbele ya mgeni.

Mwanvita akamgeukia Bonifasi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya chumvi.

“Huyo mzee wako, bado hapati usingizi mpaka apange kandambili zake?”

Bonifasi akacheka. “Umejuaje, mama? Ukizipindisha hata kidogo, anaamka.”

“Basi kamwambie mwanzi wake nautengeneza leo leo, autakuta mzima,” Mwanvita akasema. “Ila aje auchukue mwenyewe. Na talaka yangu aje nayo mkononi.”

Akauweka mwanzi begani, akageuka, akaingia zake ndani.