Muhuri wa Mji Uliozama

Tarehe tisa Machi kulipambazuka na ukungu mzito. Sokoni, Bi Zamda alipekua kikapu cha stempu za bei ya chee, akimwomba Mungu ampatie moja tu aliyoikosa kwenye mkusanyiko wake: yenye muhuri wa posta ya kwao, mji uliomezwa na bwawa.

Akaiona, imeganda kwenye kipande cha bahasha kama iliyolala usingizi.

“Shangazi nawe! Hiyo nusu bei, muhuri umeichafua,” muuzaji akacheka. “Lete niiloweke ibanduke.” Akasogeza bakuli la maji.

Bi Zamda aliibana kifuani. Wateja wakageuka.

“Hapana, mwanangu,” akasema kwa sauti. “Mbele yenu nyote naahidi: kwetu hakutamezwa na maji mara ya pili.”