Somo la Kusindikiza

"Mgeni kashika nafasi mapema, kaja na sanduku lake, na chumba hakuna. Unamfanyaje?"

Yokasta alijivuta mbele kwenye kochi la mkurugenzi. Huu ndio ulikuwa mtihani wa mwisho. Akiupita, ofisi ya naibu meneja wa mapokezi ni yake. Mama yake kule Higüey alishamtangaza mtaa mzima, na matangazo ya mama yule hayafutiki.

"Namsindikiza, Don Rubén. Namhamishia hoteli nyingine, na aondoke akinishukuru."

"Maneno hayo. Unaanzaje?"

"Nampa kiti laini, asiinuke upesi. Na kitu baridi cha kunywa."

Don Rubén alicheka, akamsogezea glasi ya chinola, juisi ya pasheni. Mwaka mzima alikuwa amemkung'uta yeye na wahitimu wenzake wa chuo, wote walioahidiwa vyeo: wafue mashuka, wasugue vyoo, wabebe sinia, ndipo wauote umeneja. Leo, ajabu, alikuwa mpole kama mkwe mpya.

"Kunywa, binti. Halafu?"

"Namsifu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Namwita kwa jina lake, tena na tena."

"Safi sana, Yokasta. Na akitaka kulalamika?"

"Atalalamikaje? Zawadi inamtangulia."

"Wewe mjanja, Yokasta! Walimu wako wangekuona!" Akafungua droo, akatoa cheti chenye muhuri wa dhahabu, akamkabidhi.

Yokasta alikikumbatia cheti kifuani. Furaha ikampa ujasiri wa kuuliza jambo lililomsumbua siku nyingi.

"Lakini Don Rubén, kwa nini tuahidi nafasi tusizokuwa nazo?"

"Kwa sababu kila mara wapo wasiotokea, mwanangu. Ukiahidi sawasawa na ulichonacho, utabaki na nafasi tupu."

"Na wakitokea wote?"

Mzee aligeukia dirishani. "Mwaka huu wametokea wote," alisema taratibu.

Yokasta akatikisa kichwa kwa huruma. Kweli, Krismasi hii hoteli ilikuwa imefurika mpaka ukumbini.

"Haya, nimalizie. Hilo neno lenyewe, kwamba nafasi hakuna, unamwambia saa ngapi?"

"Simwambii kabisa!" Yokasta alijibu, karibu achekelee. "Anayesindikizwa vizuri haambiwi. Anajionea mwenyewe akifika mlangoni."

"Mia juu ya mia."

Don Rubén akainuka. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akauangalia uso wake kidogo, kisha akatazama pembeni. Akamfungulia mlango yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuna mhitimu aliyewahi kuliona.

"Asante sana, Don Rubén! Mungu akuzidishie!"

Nje, gari la hoteli lilikuwa linanguruma. Dereva alikuwa anamalizia kupakia sanduku la Yokasta, ambalo yeye alikuwa ameliacha bwenini.