Mikono Chini ya Shali

Kila darasa linalokuja makumbusho huwa naanza nalo kwenye picha hii: mama amekaa kitini, mikono kaificha chini ya shali.

"Mikono ilimshinda mchoraji," huwa nawaambia. "Akaona aifunike, yaishe."

Watoto hucheka sana. Leo hawakucheka.

Nikaegemea ukuta kando ya fremu, nikawaambia wachore wanachokiona, si wanachokijua. Penseli zikaanza kukwaruza. Watoto thelathini wa darasa la tatu, na hakuna hata mmoja aliyenong'ona.

"Haya, inueni juu nione."

Karatasi thelathini zikainuka. Kila moja ilikuwa na mimi na miwani yangu, natabasamu. Na kila moja ilikuwa na mkono mrefu uliotoka chini ya shali, kidole cha mwisho kimepinda, umetua begani kwangu.

"Nani kawafundisha utani huu?" nikamuuliza mwalimu wao pale mlangoni.

Mwalimu, mtu mzima na ndevu zake, naye alikuwa ameshika karatasi. Aliikunja haraka.

"Dada," akasema polepole, "njoo huku. Usigeuke."