Pumzi ya Tatu

Tangu njia ya magari yenye watu wasiopungua watatu irefushwe hadi getini kwao Kibaha, hakuna njia nyingine ya kwenda mjini. Gari la Tunu haliwaki mpaka lihesabu pumzi tatu: yake, ya mumewe Shomari, na ya mama mkwe wake, Bi Hidaya, ambaye hushinda kwenye maegesho ya ofisi akichambua mchele, akisubiri jioni.

Leo asubuhi Bi Hidaya alikohoa hadi akainama.

“Niacheni nilale, wanangu.”

“Kazi yako ni kupumua tu, Mama,” Shomari alisema, akimfunga mkanda.

Njiani kikohozi kilikatika ghafla. Tunu hakugeuka. Alikodolea macho namba tatu ya hesabu ya pumzi kwenye dashibodi, akiiomba isibadilike kabla hawajafika kazini.