Mdomo wa Karani wa Stoo

Mdomo wa karani wa stoo ulikuwa umepanuka tena. Injinia aliupima kwenye skrini kutoka kona hadi kona, akarudia, kisha akajishika kichwa.

"Kuliko jana?" meneja aliuliza.

"Kuliko jana, bosi."

Lenzi aliyokuwa akiijaribu Injinia ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Viwandani, kamera ya simu hupachikwa kwenye bodi, halafu bodi nzima hupitishwa kwenye tanuri ili risasi ya kulehemu iyeyuke na kushika vipuri. Lenzi za plastiki hupinda humo, na lenzi ikipinda, picha nayo hupinda. Injinia alikuwa ameapa kubuni isiyopinda. Mteja aliyeiagiza hakutaka ipimwe kwa karatasi ya mistari, alitaka sura ya mtu: picha moja kabla ya tanuri, nyingine baada yake, na vipimo vilingane.

Sura iliyochaguliwa ni ya karani wa stoo. Wenzake walimwita Sanamu, kwani hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Ukimwomba hata skrubu, anakutazama utadhani umemtukana. Kila asubuhi, picha ya kwanza ilipigwa na mkaguzi, mzee mwenye sauti ya honi. "Tulia hapo!" Sanamu akatulia tuli. Mchana, lenzi ikishatoka tanurini, Injinia mwenyewe alipiga ya pili, taratibu, akimshukuru kwa kuja, macho yake yakiwa kwenye namba tu.

Na namba zilimchezea shere. Masikio palepale. Kola ya shati palepale. Mdomo tu! Alibadilisha plastiki, akabadilisha gundi, akabadilisha hata umbo la lenzi. Mdomo ukazidi kupanuka.

"Leo ndiyo mwisho," meneja alisema asubuhi iliyofuata. "Ikishindikana, mradi tunaufunga."

Injinia aliona unga wake unamwagika hivihivi. Mchana ulipofika alichukua lenzi kwenye trei iliyokuwa mezani, akaipachika kwenye kamera, akamwita Sanamu. Sanamu alikuja amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono.

"Samahani kaka yangu, kila siku nakusumbua."

"Hunisumbui hata kidogo, Injinia."

Akapiga picha. Akapima. Mdomo ulikuwa umepanuka kuliko siku zote, na machozi yakamlengalenga. Miezi yote ile ya kazi, kwaheri.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, mkaguzi akaingia anahema.

"Mwanangu, usiiguse hiyo trei! Lenzi zake bado mbichi. Tanuri limegoma kuwaka tangu asubuhi!"

Injinia aliitazama trei, akairudia picha kwenye skrini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu majaribio yaanze, aliinua macho kutoka kwenye skrini akamtazama Sanamu mwenyewe.

Sanamu, meno yote nje, alijaribu kufunga mdomo, akachelewa.