Kiota Juu ya Mlango wa Fundi Saa

Afisa wa ndege alipanda ngazi, akachungulia kiota cha udongo juu ya mlango, akashuka na habari mbaya.

"Mbayuwayu wa kawaida. Wamejaa tele, hawako hatarini hata kidogo."

Fundi saa aliinua macho kwenye kiota. Alikuwa amewategemea ndege wale kufa na kupona. Mwenye nyumba alitaka kukibomoa chumba cha kazi cha fundi apate pa kuegesha magari, na sheria ilimpa fundi tumaini moja tu: palipo na kiumbe adimu, hapaguswi tofali.

"Waangalie vizuri, mwanangu," alisihi. "Yule mmoja mkia wake umekaa vingine."

"Mkia ni uleule, mzee."

Mwenye nyumba, aliyekuja na nyundo yake kabisa, alicheka hadi tumbo likatikisika. Mke wa fundi aligawa chai, akamruka makusudi.

Lakini afisa hakuondoka. Alisimama na kikombe chake, akainua darubini, akamtazama fundi aliyekuwa ameirudia saa ya ukutani ili asionekane anavyoumia.

"Mafundi saa wenzako wako wapi?"

"Wenzangu gani? Wengine wamefariki, wengine wanauza simu. Mji mzima nimebaki mimi."

"Watoto je?"

"Ninao, lakini hakuna anayejua hata kutia saa ufunguo."

"Unakula vizuri?"

"Nitakula nini, na mtu anataka kunibomolea?"

"Anakula huyo," mkewe alidakia. "Msimsikilize."

Afisa alitikisa kichwa kwa huzuni. Akafungua mkoba, akatoa kipete cha bati, kama vile vya kuwavisha ndege mguuni, lakini hiki kilikuwa kikubwa.

"Weka nyundo chini," akamwambia mwenye nyumba. "Mzee, kunja suruali."

Mwenye nyumba akaiacha nyundo sakafuni, asiamini macho yake. Fundi alinyoosha mguu huku machozi ya furaha yakimlengalenga, na mkewe, birika mkononi, akamshukuru afisa mpaka sauti ikamkauka.

"Tofali halitaguswa hapa," afisa alisema, akikibana kipete kwa koleo. "Na Jumatatu tunaleta jike. Tumempata mji wa pili, fundi saa hodari, bado kijana. Tutawaacha humu wawili tu, waongezeke."

Mke wa fundi akaweka birika mezani, akainama, akaokota nyundo.